Asidi ya prusiki: sumu ambayo hutaikuta kwenye duka la pembejeo

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja anayefuga mbuzi wa maziwa hapa Mzumbe, jirani na barabara ya kwenda Mlali, alinitumia picha kwenye WhatsApp. Ni ukurasa wa kitabu cha zamani cha malisho, cha Kiingereza, kilichotolewa fotokopi mpaka herufi zimefifia. Kwenye sura ya mtama alikuwa amezungushia kalamu maneno mawili: prussic acid. Chini yake akaandika: "Shikamoo bwana shamba. Hii dawa sisi huku hatujawahi kupulizia. Naweza kuwafungulia mbuzi kwenye maotea ya mtama?"

Sikuandika jibu, nilipiga simu. "Marahaba. Mbuzi wako wapi saa hizi?" Akasema wako bandani. Nikamwambia wasitoke mpaka nifike.

Sasa, tusimcheke. Hoja yake ilikuwa na akili kabisa. Kitabu kikitaja kemikali, mkulima wa leo anafikiria chupa, lebo, pampu ya mgongoni na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kwa kuwa hakupulizia kitu, akajiona yuko salama. Tatizo ni jina. Asidi ya prusiki haiuzwi dukani, na hata ukiuliza kwenye maduka yote ya pembejeo ya Morogoro mjini watakushangaa. Mtama wake ndio unaoitengeneza, pale pale shambani, bila kumwomba ruhusa.

Jina hili lilitoka kwenye rangi. Mwanzoni mwa karne ya 18, mjini Berlin, uliokuwa mji mkuu wa Prusia, mtengeneza rangi aitwaye Diesbach alikuwa anatafuta rangi nyekundu, akapata bluu iliyokolea bila kutarajia. Ikaitwa bluu ya Prusia. Mwaka 1782 mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, aliichemsha rangi hiyo pamoja na asidi akapata kitu kipya, na kwa sababu kilitoka kwenye bluu ya Prusia, kikaitwa asidi ya prusiki. Wajerumani wanaiita mpaka leo asidi ya bluu, ingawa yenyewe haina rangi. Baadaye Mfaransa Gay-Lussac akaonyesha mwaka 1815 kwamba imeundwa na haidrojeni, kaboni na naitrojeni tu. Jina la kisasa ni haidrojeni sianidi. Neno sianidi nalo limetokana na neno la Kigiriki la bluu, kwa hiyo ile rangi bado haijatuacha.

Ndiyo, ni sianidi. Ile ile ambayo wachimbaji wa dhahabu kule Geita na Tarime wanaiita sayanaidi. Migodini inatumika kama chumvi ya sodiamu ili kuyeyusha dhahabu kutoka kwenye mchanga, na viwanda vya plastiki na nailoni duniani vinatumia sianidi kwa wingi. Hata wakulima waliwahi kuinunua kama dawa: kuanzia mwaka 1886 kule California walifunika michungwa kwa mahema ya turubai, wakajaza gesi hii ndani ili kuua wadudu gamba. Kazi hiyo iliua wadudu, na waliokuwa wazembe nayo haikuwasamehe pia.

Hapa kwetu sayanaidi ya viwandani inadhibitiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Kuna usajili, kuna vibali, kuna ukaguzi. Lakini shamba lako la mtama halina kibali cha mtu yeyote, wala gunia la muhogo lililoegeshwa kwenye kibaraza cha dalali.

Mmea wenyewe haukai na sumu iliyo tayari, maana ungejiua. Unaweka vitu viwili kwenye vyumba tofauti. Chumba kimoja kina sukari maalum iliyoshikilia sianidi ndani yake: kwenye muhogo inaitwa linamarini, kwenye mtama inaitwa dhurini. Chumba cha pili kina kimeng'enya kinachoweza kuivunja sukari hiyo. Vikiwa mbalimbali, hakuna kitu. Mdudu akitafuna, mbuzi akicheua, mchi ukitwanga, kuta zinabomoka, vitu viwili vinakutana, na sianidi inatoka. Ni silaha ya mmea ya kujilinda. Ndiyo maana wenzetu wa kandokando ya msitu wa Uluguru wanaosumbuliwa na nguruwe pori na ngedere wanashikilia muhogo mchungu. Ngedere akionja mara moja hana hamu ya kurudi.

Kuna jambo moja la kufurahisha humo. Sianidi inachemka kwenye nyuzijoto 26 hivi. Maana yake, kwa joto la huku bondeni Mzumbe mchana, ikishaachiwa huru inapaa yenyewe hewani. Na ile sukari iliyoishikilia inayeyuka kwenye maji. Bibi zetu hawakujua majina haya yote, lakini kutwanga, kuloweka, kukamua na kuanika, kila kimoja kinafanya kazi mojawapo kati ya hizo mbili.

Turudi kwenye malisho, maana hapo ndipo mnyama anakufa ndani ya dakika chache.

Mtama na jamii yake yote, pamoja na nyasi za Sudani na machotara yake yanayouzwa kama mbegu ya malisho, ni hatari zaidi ukiwa mchanga. Chipukizi na majani mapya ndiyo yenye dhurini nyingi. Mmea ukikua, kiwango kinapungua. Ukivuna na kuacha visiki, kisha jua likapiga, kisha mvua ya kwanza ya vuli ikanyesha, maotea yanayotoka yanarudi kwenye hali ya uchanga, tena baada ya mateso ya ukame. Macho yako yanaona kijani kizuri kipindi ambacho kila mahali ni pakavu, na mbuzi wako ana njaa. Mambo matatu yamekutana siku moja: ukame uliopita, chipukizi laini, tumbo tupu. Ukiongeza na mbolea ya naitrojeni uliyomwaga karibuni, ndio kabisa.

Yule kijana maotea yake yalikuwa hayajafika hata magotini. Tulipima kwa rula, sentimita 30. Mimi nasema subiri mpaka sentimita 60 au zaidi, na ukame ukiingia katikati kisha mvua ikarudi, anza kuhesabu upya kwa yale machipukizi mapya yanayotoka chini. Wengine wanasema 45 inatosha. Mbuzi mmoja wa maziwa mwenye damu ya wale walioletwa kutoka Norwe miaka ya 1980, wale waliosambaa Mgeta, unajua mwenyewe bei yake. Subiri hizo sentimita 15 za ziada.

Wanaocheua wako hatarini kuliko nguruwe au kuku, kwa sababu tumbo lao la kwanza ni kama kinu cha moto: vijidudu vilivyomo navyo vinaivunja ile dhurini. Dalili zinaanza ndani ya dakika 10 au 15, wakati mwingine nusu saa. Mnyama anahema kwa shida, anatoka mate, anatetemeka, anayumba, anaanguka. Ukifunua mdomo, ufizi ni mwekundu wa kung'aa, na ukiona damu yake ni nyekundu angavu kama ya mnyama mzima. Hilo linawachanganya wengi. Sababu ni kwamba hewa safi imo kwenye damu lakini seli zimezuiwa kuitumia. Mnyama anakosa hewa huku damu imejaa hewa.

Tiba ipo, ni sindano za sodiamu naitraiti na sodiamu thiosalfeti, lakini ni za daktari wa mifugo, na mkono usiojua kipimo cha naitraiti unaweza kuua peke yake. Kazi yako wewe ni kuwatoa wote shambani mara moja, bila kuwakimbiza, na kupiga simu. Sisi tuna bahati, SUA na hospitali yake ya wanyama si mbali. Lakini kwa dakika tunazozungumzia, hata SUA ni mbali.

Mtama uliokatwa na kukaushwa vizuri kuwa hei unapoteza sumu kubwa, ila ukauke kweli, usinyauke tu. Saileji nayo inapunguza, mradi uiache ivunde wiki tatu nne kabla ya kufungua. Punje za mtama uliokomaa hazina shida. Ila hapa niweke neno kwa vijana wa malisho ya trei, haya ya kuotesha mbegu bila udongo ambayo yameenea sana kwenye video. Nimekuta mtu anaotesha mtama kwa sababu mbegu yake ni rahisi. Chipukizi la mtama la siku sita saba ndilo hasa limejaa dhurini. Otesha mahindi au shayiri.

Haya, muhogo. Hapa sio mbuzi tena, ni mteja wako.

Mwaka 1985, baada ya ukame, watu wa Tarime, wengi wakiwa watoto na akina mama wa umri wa kuzaa, walianza kupooza miguu ghafla. Analala mzima, anaamka hawezi kutembea sawasawa, na haponi. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina la Kiyaka kutoka Kongo lenye maana ya miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1938 kwa wagonjwa wa Kwango. Watafiti waliokwenda Tarime walikuta watu wamekula muhogo mchungu uliosindikwa harakaharaka kwa sababu njaa ilikuwa inauma, huku mboga ya maana hakuna. Mwili una njia ya kuiondoa sianidi kidogo kidogo, lakini unahitaji salfa inayotoka kwenye protini. Ugali wa muhogo na maharage, au na dagaa, si sawa na ugali wa muhogo na chumvi.

Mwaka 1988 Masasi nako watu waliumwa baada ya kula ugali wa muhogo, ule wa ghafla: kizunguzungu, kutapika, tumbo. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe walipofuatilia, mkosaji alikuwa yule yule, njia ya mkato kwenye usindikaji. Na miaka ya 2002 na 2003 konzo ilionekana tena Mtwara na Mbinga.

Unaweza kusema hayo ni ya njaa, sisi tunafanya biashara. Basi chukua Kasese, Uganda, Septemba 2017. Watu 98 waliugua na wawili walikufa. Taarifa za kwanza zilitoka kwa watu waliokula pamoja msibani. Unga wenyewe haukuwa wa kutwanga nyumbani, ulikuwa wa kununua, na walipofuatilia kutoka duka hadi duka, njia zote zilirudi kwa mfanyabiashara mmoja wa jumla. Walipopima walikuta miligramu 88 hivi za sianidi kwa kilo moja ya unga. Kiwango cha kimataifa cha Codex ni miligramu 10. Huyo mfanyabiashara hakununua sumu popote. Alinunua muhogo.

Naandika haya kwa sababu najua bei ya unga wa muhogo ikipanda kinachofuata. Dalali anapiga simu Jumatatu anataka tani mbili Ijumaa. Vijana wanamenya, wanakata vipande, wanatupa kwenye turubai, na siku hizi wengine wana kikaushio cha jua chenye nailoni, siku moja na nusu kitu kimekauka, cheupe peee. Mnunuzi anafurahia weupe. Lakini kukausha haraka sio kukausha salama, na hili ni kinyume cha wengi wanavyodhani. Kimeng'enya kinafanya kazi palipo na unyevu. Ukikata vipande vinene na kuvinyang'anya maji haraka, vile vyumba viwili vinabaki vimefungwa na linamarini inakaukia ndani, inasubiri. Makopa ya muhogo mchungu yaliyoanikwa moja kwa moja ndiyo yenye mabaki makubwa. Udaga uliovundikwa ni afadhali. Kivunde, yaani muhogo uliomenywa ukalowekwa majini siku tatu mpaka tano ukalainika, huo ndio unaosafishika vizuri zaidi kwa njia zetu za asili, hata kama mchungu.

Kwa biashara ya unga mweupe usiovundika, anza na mbegu. Codex inahesabu muhogo mtamu kuwa ni ule usiofika miligramu 50 kwa kilo ukiwa mbichi. Chukua mbegu iliyotambulika kutoka vituo vya TARI au kwa mzalishaji aliyesajiliwa, sio pingili za kuokota kwa jirani anayesema "hii tamu". Ulimi unasaidia lakini hauna uhakika, na mbegu ile ile ikipigwa na ukame inapandisha sumu. Kisha kwangua kwa mashine, usikate. Kukwangua kunabomoa kuta zote. Kamua maji, maana linamarini nyingi inatoka nayo, halafu anika tabaka jembamba kwenye kichanja. Yale maji ya kukamulia yachimbie shimo mbali na mfereji. Ukiyaacha yateremke mpaka bwawa la samaki la mwenzako, utamlipa.

Mwaka ukiwa wa ukame, dalali akitaka tani mbili Ijumaa na wewe una muhogo mchungu ambao haujalowekwa, jibu ni hapana. Najua hela inauma. Najua pia jirani atamuuzia. Mimi nimeshamwambia kijana mmoja wa Mlali usoni kwamba unga ule asiuze, akanuna, akaupeleka ukalowekwa upya, akachelewa soko. Hasara yake naijua, na ningemwambia vile vile kesho.

Kuna njia ya kuokoa unga uliokwisha kusagwa ambao hauna uhakika nao, iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia na kutumika Popokabaka, Kongo, kwenye vijiji vya konzo. Weka unga kwenye beseni, weka alama pale ulipofikia. Ongeza maji huku ukikoroga: kwanza unga utashuka, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze kwenye mkeka au turubai, unene usizidi sentimita moja, masaa mawili juani au matano kivulini. Gesi inaondoka. Kisha songa ugali siku hiyo hiyo, maana unga uliolowa haukai. Kiwango kinashuka mara tatu hadi sita. Hesabu mwenyewe: 88 ukigawanya kwa sita bado ni zaidi ya 10. Kwa hiyo ni njia ya jikoni, haikupi ruhusa ya kuuza unga mbovu ukimwambia mteja akaulowanishe. Ukipeleka unga wako kuombea nembo ya TBS, ulizia matokeo ya sianidi kwa namba, uyatunze kwenye faili pamoja na tarehe ya kuvuna na jina la mbegu.

Maganda yana sumu kuliko nyama ya muhogo, na kila mwenye mashine ya kumenya analo rundo nyuma ya banda. Usiwamwagie mbuzi yakiwa mabichi. Nigeria wanayakwangua, wanakamua, wanakausha, wanauza kama chakula cha mifugo kwenye magunia, na hiyo ni fursa ambayo hapa kwetu sijaona kijana ameichangamkia.

Na kisamvu. Majani yana sianidi nyingi kuliko mzizi, lakini kinu kinamaliza kesi: kutwanga hasa mpaka yawe laini, kuacha yatulie, kisha kuchemsha bila mfuniko. Wale akina dada wanaouza kisamvu cha pakiti pale stendi ya Msamvu wameniuliza kama mashine ya kukatia mboga inaweza kuchukua nafasi ya kinu. Inayokata vipande tu, hapana. Inayosaga mpaka ikawa rojo, ndiyo, na baada ya kusaga usifunge kwenye pakiti papo hapo. Iache wazi kwenye sinia pana juani kama masaa mawili, au ioshe kwa maji mara mbili, ndipo uchemshe, ipoe, ugandishe.